Nunua Mkao Kwanza, Jina la Baiskeli Baadaye

Julai 23, 1989, siku ya mwisho ya Tour de France, Mfaransa Laurent Fignon aliondoka Versailles kuelekea Paris akiwa mbele ya Mmarekani Greg LeMond kwa sekunde 50. Zilibaki kilomita 24.5 tu, kila mtu akishindana na saa peke yake. Fignon alipanda baiskeli yenye magurudumu mawili yaliyozibwa kabisa, yasiyoonyesha spoku hata moja. LeMond alikuwa na gurudumu moja la aina hiyo, la nyuma. Alivaa kofia iliyochongoka kisogoni, na usukani wake ulikuwa na vyuma viwili vilivyotokeza mbele, ambavyo aliviegemea kwa viwiko mikono ikiwa imekaribiana. Hadi jioni LeMond alikuwa bingwa kwa tofauti ya sekunde 8, ndogo kuliko zote katika historia ya mashindano hayo ya wanaume.

Habari za vyuma vile zimesimuliwa sana. Havikutoka kwenye mbio za baiskeli. Vilibuniwa na Boone Lennon, kocha wa mchezo wa kuteleza kwenye theluji, vikauzwa na kampuni ya Scott, na watu wa triathloni walikuwa wameshavizoea wakati waendesha baiskeli wa Ulaya wakiendelea kuvitazama kwa wasiwasi. Jambo lisilosimuliwa sana ni kwamba siku ile Fignon alikuwa na jipu kwenye makalio. Lilimtokea siku chache kabla ya mbio kwisha, na kila alipokaa kitini aliumia.

Kwa maoni yangu, mtu anayetafuta baiskeli ya triathloni ya masafa marefu kwa fedha za kuungaunga angeanzia hapo, kabla hajafungua ukurasa wowote wa bei. Mkao wa mwili juu ya baiskeli, na kiti ambacho mwili utakivumilia. Hayo mawili yana uzito kuliko rangi, jina, aina ya kaboni na magurudumu yenye rimu ndefu za kung'aa, na bahati nzuri ndiyo yanayogharimu kidogo zaidi.

Tuitazame kazi yenyewe. Ironman kamili, mchezo ulioanza Hawaii mwaka 1978, ni kuogelea kilomita 3.8, kuendesha baiskeli kilomita 180, kisha kukimbia marathoni nzima. Kilomita 180 ni karibu sawa na safari ya Dar es Salaam hadi Morogoro. Kwa aliyeko Nairobi, ni kufika Nakuru na kuendelea. Mtu wa kawaida, mwenye kazi na familia, anayefanya mazoezi alfajiri, anakaa juu ya kiti saa sita na zaidi, halafu anashuka na kuanza kukimbia. Nusu yake, maarufu kwa jina la 70.3, ni kilomita 1.9 za maji, 90 za baiskeli na 21.1 za mbio. Mbio hizo za nusu zilifika Muscat, Oman, mwaka 2019, na mwaka 2022 zikafika Rubavu, Rwanda, kando ya Ziwa Kivu. Kwa hiyo mtu wa Arusha, Kampala au Bukavu anaweza leo kushindana karibu na kwao. Kinachomkwamisha ni baiskeli. Anaingia mtandaoni, anakuta za juu zinauzwa dola 10,000 na kupanda, anakata tamaa. Au anakopa, ananunua kitu kisichomfaa, na mwezi wa pili mgongo unagoma.

Upinzani mkubwa wa hewa hautoki kwenye baiskeli. Mwili wa mwendeshaji peke yake unabeba kiasi cha robo tatu au zaidi. Nguvu ya kuisukuma hewa nayo haipandi polepole: ukitaka kuongeza mwendo mara mbili, nguvu unayohitaji dhidi ya hewa inakuwa mara nane. Hii ndiyo sababu kulala juu ya vyuma vya mbele kunaleta faida ambayo fremu ya bei yoyote haiwezi kuleta. Lakini faida hiyo unaipata ukiwa umelala tu. Mtu aliyenunua mashine ya kutisha akaiweka chini sana, kisha kuanzia kilomita ya 70 anainuka kila dakika tano kunyoosha kiuno, kifua chake kiko wazi kwenye upepo sawasawa na mwenzake mwenye baiskeli ya kawaida. Tofauti ni kwamba yeye ana deni. Starehe, katika mbio ndefu, ni kasi. Nalisema hili kwa msisitizo kwa sababu wauzaji wengi huiweka starehe upande mmoja na kasi upande mwingine, mnunuzi achague.

Baiskeli ya kawaida ya barabarani ina nguzo ya kiti iliyolalia nyuma, kiasi cha nyuzi 73. Ukijilaza mbele ukiwa umekaa hivyo, mapaja yanapanda mpaka kubana tumbo, nyonga zinajikunja kupita kiasi na pumzi inakuwa fupi. Mwaka 1989 Dan Empfield wa Marekani, ambaye kampuni yake ya Quintana Roo ilikuwa imeanza kwa kutengeneza mavazi ya kuogelea ya triathloni, alitoa baiskeli iitwayo Superform yenye nguzo iliyosimama karibu nyuzi 80. Kiti kilisogea mbele, na kiwiliwili kizima kikazungushwa kwa pamoja kuelekea mbele. Mgongo ulishuka, lakini nafasi kati ya paja na kifua ikabaki ile ile ya mtu aliyekaa kawaida. Baiskeli zote za triathloni za leo ni watoto wa wazo hilo. Ukiona tangazo la baiskeli ya triathloni yenye nguzo ya nyuzi 73 au 74, jua ni baiskeli ya barabarani iliyovalishwa vyuma.

Empfield huyo huyo ndiye aliyeeneza namna ya kupima fremu kwa namba mbili, staki na richi. Staki ni kimo: kutoka katikati ya ekseli ya pedali kwenda juu wima hadi usawa wa mdomo wa shingo ya fremu, pale usukani unapoingilia. Richi ni urefu wa mlalo kati ya nukta hizo mbili. Namba hizi ni muhimu kwa sababu saizi zinazoandikwa kwenye fremu hazina maana moja. "54" ya kampuni hii inaweza kuwa ndefu na ya chini, "54" ya kampuni ile ikawa fupi na ya juu, na tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama utafika kilomita ya 150 ukiwa umelala au umejishika kiuno.

Vipimo vyako unaweza kuvipata nyumbani, na hapa naomba msomaji asiwe na haraka. Tafuta baiskeli yoyote inayokutosha kwa kukadiria, hata ya kuazima, na uifunge kwenye stendi ya mazoezi ya ndani. Funga vyuma vya mbele vya kuazima au vya bei nafuu vyenye pedi za viwiko. Sogeza kiti mbele hadi mwisho wa reli zake. Endesha, mtu akupige picha kutoka ubavuni, simu ikiwa usawa wa nyonga. Rekebisha. Mkono wa juu, kutoka begani hadi kwenye kiwiko, ushuke karibu wima, ili uzito ubebwe na mfupa na usibebwe na misuli ya bega. Paja likipanda juu kabisa lisiguse mbavu. Shingo iweze kuinuka kuona mbele bila kukunjika kama ya mtu anayetazama darini. Ukipata mkao ambao unaweza kuukalia saa nzima bila kutamani kuinuka, teremka na uchukue futi kamba.

Pima kutoka sakafuni hadi katikati ya ekseli ya pedali, kisha kutoka sakafuni hadi juu ya pedi ya kiwiko. Toa ya kwanza kwenye ya pili. Hicho ndicho kimo cha pedi zako. Halafu egemeza gurudumu la nyuma ukutani, pima kutoka ukutani hadi kwenye ekseli ya pedali, na kutoka ukutani hadi ukingo wa nyuma wa pedi, utoe tena. Huo ni urefu wako wa mbele. Pima pia kimo cha kiti kutoka kwenye ekseli, na umbali wa ncha ya kiti mbele au nyuma ya ekseli hiyo. Andika. Namba hizo ni zako, hazina chapa, na ndizo utakazoombea baiskeli popote duniani.

Tuseme kimo cha pedi zako kimetoka milimita 620. Umeona tangazo la fremu yenye staki 500, na muuzaji anakuambia pedi za usukani wake zikiwa chini kabisa zinakaa milimita 70 juu ya shingo ya fremu. Jumla 570. Unahitaji kunyanyua milimita 50 zaidi kwa spesa (vipande vya kunyanyulia pedi), jambo linalowezekana kwenye seti nyingi za vyuma vya mbele, ingawa ni vizuri uulize kabla. Fremu nyingine yenye staki 540 itataka milimita 10 tu. Hiyo ya pili inakufaa zaidi, hata kama ya kwanza ndiyo uliyoiona kwenye picha za mabingwa.

Kiti nacho hakitaki aibu. Ukilala mbele, uzito unatoka kwenye mifupa miwili ya makalio na kwenda mbele, kwenye nyama laini ambako mishipa ya fahamu na ya damu inapita. Ganzi ya sehemu za siri, kwa mwanamume au mwanamke, ni ishara kwamba mishipa inabanwa, na si jambo la kuvumilia. Viti vya triathloni vina pua fupi iliyogawanyika mara mbili, na kampuni ya ISM ndiyo iliyovipa umaarufu. Vipya vingi vinauzwa kati ya dola 100 na 250. Watu wengine hupenda ISM, wengine huona pua zake ni pana mno na kuhamia kwenye vyembamba zaidi. Omba, azima, jaribu kwa saa mbili na zaidi, maana dakika kumi dukani hazikuambii kitu. Ningekuwa na fedha za jambo moja tu la kuboresha kwenye baiskeli ya zamani, ningezipeleka kwenye kiti.

Sasa baiskeli yenyewe. Mpya za kuanzia, kutoka kampuni zinazouza moja kwa moja kwa mteja kama Canyon ya Ujerumani, huwa karibu dola 3,000, kabla ya usafiri na ushuru wa forodha. Kwa wengi wetu jibu la busara liko kwenye mtumba. Miaka michache iliyopita viwanda vilihamia kwenye breki za diski, na wanunuzi wa Ulaya na Marekani wakawafuata. Baiskeli nzuri za kaboni zenye breki za kubana rimu zikabaki zikitafuta wenyewe. Cervélo P2 na P3, kwa mfano, zilizotawala hesabu ya baiskeli za washindani kwenye mbio za ubingwa wa dunia wa Ironman kule Kona, Hawaii, kuanzia katikati ya miaka ya 2000, zinapatikana kwa chini ya dola 2,000, na mara nyingine karibu na dola 1,000. Felt za daraja la kati na Quintana Roo za miaka ile ziko katika kundi hilo. Kwenye barabara ya tambarare, mwendeshaji aliyelala vizuri juu ya P2 ya mwaka 2014 hakosi chochote cha maana.

Sababu yangu kubwa ya kuzipenda ni fundi. Baiskeli za juu za sasa zimeficha kila waya ndani ya usukani uliotengenezwa maalumu kwa fremu hiyo moja. Kipande kikivunjika, hakuna duka la Kariakoo wala River Road litakalokuwa nacho, na kunyanyua pedi sentimita mbili kunaweza kudai kufungua breki za maji na kuzijaza upya. Usukani wa P2 unashikwa na kishikio cha kawaida, kipenyo cha kawaida, na breki zake zinavutwa kwa waya wa kawaida. Fundi mwenye mkono mzuri anayehudumia vijana wa mbio za baiskeli ataielewa siku hiyo hiyo. Kuna fremu nyingine za miaka ile zilizoficha breki ya nyuma chini ya ekseli ya pedali. Zinapendeza, lakini matope na vumbi vinaingia humo, na kuirekebisha kunachosha. Ningeziacha.

Ukinunua kwa picha ni rahisi kuuziwa mbuzi kwenye gunia, basi uliza mambo ambayo muuzaji hakuyaandika. La kwanza ni magurudumu. Fremu nyingi za zamani, hasa za saizi ndogo, zilitengenezwa kwa magurudumu madogo ya 650c, na tairi zake zimekuwa adimu kila mahali. Taka 700c. Hakikisha ni tairi za tyubu au zisizo na tyubu, si zile za kubandika kwa gundi. Uliza pia tairi pana kiasi gani inapita kwenye foku na nyuma. Fremu nyingine haziruhusu zaidi ya milimita 25, na kwa barabara zetu zenye matuta na viraka, 25 iwe ndiyo kima cha chini. Tairi pana kidogo yenye upepo usiozidi kiasi hubingirika vizuri kwenye lami mbovu na huokoa mikono. Nguzo ya kiti ya baiskeli hizi huwa ya umbo la fremu hiyo peke yake, kwa hiyo iwepo pamoja na vibano vyake vyote, na muuzaji akutumie video akiishusha na kuipandisha. Ikiwa imeganda ndani ya fremu, achana nayo.

Halafu jasho. Baiskeli ya triathloni huendeshwa sana ndani ya nyumba, juu ya stendi, mwenyewe ameinama juu ya usukani na jasho likimwagika saa kwa saa mahali pale pale. Chumvi inapenya chini ya utepe wa usukani na kuanza kuula alumini bila mtu kuona. Mwombe muuzaji aufungue utepe na apige picha ya karibu. Ukiona unga mweupe na vishimo kwenye chuma, bei ya usukani mpya itolewe kwenye bei ya baiskeli, au usinunue. Angalia na boliti za pedi za viwiko: kutu juu ya kichwa inasafishika, lakini kichwa kilichokwisha meno kitakusumbua. Kaboni yenyewe ikaguliwe kwa tochi, hasa pale mirija inapokutana na sehemu ya chini karibu na ekseli. Igongwe taratibu kwa sarafu. Mlio mkavu ukibadilika ghafla na kuwa mzito mahali pamoja, huenda nyuzi zimeachana ndani.

Je, asiye hata na dola 1,000? Abaki na baiskeli yake ya barabarani, aongeze vyuma vya mbele, kiti cha pua fupi, na nguzo ya kiti inayokwenda mbele. Sharti ni moja: kiti kikisogea mbele, usukani utakuwa karibu mno, au uzito utahamia kwenye gurudumu la mbele na baiskeli kuanza kuyumba, kwa hiyo vipimo vyote vipimwe upya kwa pamoja. Kwa Rubavu ningefikiria njia hii hata kama nina uwezo wa nyingine. Rwanda ni nchi ya milima. Kwenye kilima kirefu unaendesha ukiwa umeinuka na kushika usukani, na kwenye mteremko wenye kona unataka breki ziwe vidoleni.

Atakayekwenda na baiskeli ya triathloni ya mtumba aangalie gia kwanza. Nyingi zilitengenezwa kwa ajili ya tambarare: sahani za mbele za meno 53 na 39, na nyuma isiyozidi meno 25. Kwenye mlima, miguu ya mtu wa kawaida itazunguka polepole mno na misuli ya mbio itakwisha kabla ya mbio. Badilisha mbele ziwe 50 na 34, na nyuma hadi meno 28 au 32 kama mashine ya gia inaruhusu. Ni gharama ndogo ukilinganisha na magurudumu ya rimu ndefu ambayo kila mtu anayatamani. Magurudumu hayo yangoje. Kona kwenyewe gurudumu lililozibwa lilikatazwa kwa miaka mingi, kwa sababu ya upepo wa ubavuni unaoshuka kutoka milimani na kukumba barabara ya kwenda mji wa Hawi.

Fedha ikibaki, iende kwenye tairi nzuri za mwendo mwepesi, kisha nguo inayoubana mwili isiyopepea, kisha kofia. Chupa ya maji ifungwe kati ya vyuma viwili vya mbele kwa kishikio cha kawaida na vibanio vya plastiki. Inakaa mbele ya macho, unakunywa bila kuinuka, na inagharimu dola chache. Katika joto la Muscat, anayelazimika kuinuka ili anywe huishia kunywa kidogo.

Baiskeli ifike mkononi walau miezi mitatu kabla ya mbio, ili mwili uzoee pembe mpya na fundi apate muda wa kuagiza asicho nacho. Na katika kuagiza, usisahau kile kichuma kidogo kinachoshikilia mashine ya gia kwenye fremu, upande wa nyuma. Kimetengenezwa kuwa laini makusudi, kipinde chenyewe fremu ipone, na kila modeli ina cha kwake. Sanduku likidondoshwa uwanja wa ndege, ndicho kinachoumia kwanza. Ifungue mashine ya gia na kuifunga kwa kitambaa ndani ya fremu kabla ya kusafiri, na nunua viwili vya akiba siku ile ile unayolipia baiskeli: kimoja kikae kwenye kisanduku cha zana, kingine kwenye mkoba wa chini ya kiti.